Sauti Nayo Ina Mizani Yake

Nenda katika duka lolote la hapa Mombasa liuzalo redio na spika, usimame mbele ya rafu, usome maandishi yaliyo juu ya makasha. Kasha moja litakwambia kuwa lina wati 5,000. La jirani yake, ambalo kwa umbo halishindi kijisanduku cha nguo za mtoto, litadai wati 8,000. La tatu litajitapa kwa wati 10,000 na sauti safi isiyo mfano. Mteja husimama akashika kidevu. Hana cha kupimia ila macho yake na tarakimu zile, na aghalabu huondoka na kasha lenye tarakimu kubwa, awe amelipa taslimu au amekubali lipa polepole ya miezi kadhaa.

Jambo hili, ndugu msomaji, si la kupuuzwa. Katika nyumba zetu za Tudor, Majengo na Mji wa Kale, chombo cha sauti si pambo la sebuleni. Kwacho twasikia habari za ulimwengu, visomo vya Kurani, darasa za Ramadhani, na taarabu ya wakubwa wetu waliotangulia mbele ya haki. Tena shilingi inayokinunua haikuokotwa njiani. Kwa hiyo mwenye kudai kwamba chombo chake kina nguvu fulani au sauti fulani, yapasa aulizwe kama aulizwavyo mwenye kuuza mchele: mizani iko wapi?

Rai yangu ni hii. Dai lolote la sauti lipite milango miwili kabla ya kukubaliwa: mlango wa kipimo na mlango wa sikio. Na hilo sikio lisikilize pasi na msaada wa macho. Dai lililopita mlango mmoja tu ni nusu ya dai, na nusu hiyo haistahili fedha kamili.

Sisi watu wa pwani hatukuanza leo kupima sauti. Mtoto anapokaa chuoni kwa mwalimu wake hufunzwa kwamba madda ya asili huvutwa kwa harakati 2, na madda ya lazima kwa harakati 6. Hicho ni kipimo, tena cha hesabu. Lakini hakuna aliyepata kuwa msomaji kwa kuhesabu peke yake. Hana budi kukaa mbele ya mwalimu, amsikie naye asikiwe, na kila herufi irudishwe mahali pake pa kutokea mpaka sikio liridhike.

Na katika ushairi ni vivyo hivyo. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Anayepokea mashairi ya kuchapishwa huhesabu kwanza, kisha hulisoma shairi kwa sauti. Kuna shairi lililotimia mizani na vina, na bado likawa kavu kama kumbi la nazi. Kuna na shairi lililopungukiwa mizani, lakini mwimbaji hodari akalivuta silabi hapa na pale, hata wasikilizaji wasitambue pengo. La kwanza hukamatwa na sikio, la pili hukamatwa na hesabu. Basi mtu aliyelelewa katika elimu hizi mbili hana sababu ya kudanganywa na kasha la karatasi.

Tuanze na mlango wa kipimo. Ukitazama vizuri baada ya zile wati 8,000, utaona herufi nne zimeandikwa kwa udogo: PMPO. Herufi hizo huwa zadai kueleza kilele cha nguvu ambacho chombo chaweza kukifikia kwa kitambo kidogo mno, kidogo kuliko kufumba jicho. Hakuna kanuni moja iliyokubaliwa ya kuipata tarakimu hiyo. Kila mtengenezaji hujitungia hesabu yake, akajumlisha na kuzidisha apendavyo. Kwa hiyo PMPO ya kasha moja hailingani na PMPO ya kasha jingine, kama vile pishi ya mtu mmoja isivyolingana na pishi ya mwenziwe pasipokuwa na mkaguzi sokoni.

Hesabu ya kulivunja dai hili haihitaji fundi. Umeme wa majumbani hapa Kenya ni volti 240, na plagi yetu ya pini tatu hubeba ampea 13. Zidisha 240 kwa 13, utapata wati 3,120. Huo ndio upeo wa kinachoweza kupita katika plagi hiyo kwa salama. Chombo hakiwezi kuendelea kutoa nguvu kuliko ile inayoingia, vipi basi kitoe wati 10,000? Birika la umeme la kuchemshia chai huhitaji kama wati 2,000, nalo hupasha waya wake moto. Je, kijisanduku kile chenye waya mwembamba kama uzi wa ndoana kina nguvu za mabirika matano?

Ligeuze kasha, au bora ukigeuze chombo chenyewe, usome kibandiko cha nyuma, pale penye volti. Hapo ndipo mtengenezaji huandika kwa tahadhari, maana habari hiyo yahusu usalama na moto. Mara nyingi utakuta wati 40, au 60, au 100. Na katika hizo, sehemu hupotea kuwa joto kabla haijawa sauti. Huo ndio ukweli wa chombo, umeandikwa mgongoni, ilhali uongo umeandikwa usoni. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Lipo na jambo la pili ambalo muuzaji hatakueleza. Hata wati zilizo za kweli hazizidishi sauti kama tudhaniavyo. Sauti hupimwa kwa desibeli. Ukiongeza wati maradufu, tuseme kutoka 50 hadi 100, sauti huongezeka desibeli 3 tu, nayo ni tofauti ya kiasi inayotambulikana lakini haimtoi mtu kitini. Ili sikio liseme kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, hutakiwa desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Na spika nazo hazifanani. Ipo spika ambayo kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja, hutoa desibeli 85, na ipo itoayo 91 kwa wati hiyo hiyo. Tofauti ya desibeli 6 ni sawa na kuzidisha nguvu za amplifaya mara nne. Kwa hiyo wati 25 katika spika ya pili zitavuma sawa na wati 100 katika ya kwanza. Tarakimu hii ya spika ndiyo ya kuulizia dukani, lakini ni nadra kuiona juu ya kasha.

Na sasa tuje kwenye mlango wa sikio. Hapa pana hila za tangu zamani. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na santuri zake zikaingia majumbani mwa pwani yetu. Lakini kabla ya hapo, huko Marekani, biashara ya vinanda vya santuri ilikuwa imekwisha kugundua njia ya kuyashinda masikio ya watu. Kampuni ya Thomas Edison, kuanzia mwaka 1915 na kwa muda wa miaka kama kumi, ilifanya maonyesho katika kumbi nyingi. Mwimbaji husimama jukwaani kando ya kinanda cha santuri, taa zikazimwa, na hadhirina wakaulizwa: huyu aimbaye sasa ni mtu au ni mashine? Mwaka 1916 maonyesho hayo yalifanyika hata katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, mwimbaji akiwa Marie Rappold. Magazeti yakasimulia kwamba watu walishindwa kutofautisha.

Twajua leo kwamba mashine za wakati ule zilikuwa na sauti ya puani, zikikata sehemu kubwa ya juu na ya chini ya uimbaji. Vipi basi zikafanana na mtu? Anna Case, mmoja wa waimbaji wa maonyesho hayo, alikuja kueleza baadaye kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiipunguza sauti yake ifanane na ile ya mashine. Mashine haikupanda kumfikia binadamu. Binadamu ndiye aliyeshuka. Na funzo lake ni kwamba giza peke yake halitoshi, ikiwa mwenye kuandaa mtihani ndiye mwenye kuuza bidhaa.

Hila ya leo ni nyepesi zaidi. Muuzaji akitaka ununue spika ya bei kubwa, huicheza kwa sauti ya juu kidogo kuliko ile ya bei ndogo. Hata desibeli moja tu ya ziada, ambayo wewe huitambui kuwa ni ukubwa wa sauti, sikio huitafsiri kuwa ni uzuri. Utasema, "Hii ina uhai zaidi," na kumbe ina kelele zaidi. Kwa hiyo ulinganisho wa haki wahitaji kwanza sauti zilinganishwe kwa kipimo. Hapa ndipo milango yetu miwili inapokutana, kwani sikio haliwezi kuhukumu mpaka kipimo kiwe kimesawazisha mashitaka.

Macho nayo ni shahidi mbaya. Mwaka 1994 wataalamu Floyd Toole na Sean Olive walichapisha matokeo ya jaribio lao kule Marekani. Wasikilizaji walizipa alama spika kadhaa wakiwa wanaziona, kisha wakazipa alama zikiwa nyuma ya pazia. Alama zikabadilika. Zilipoonekana, spika kubwa za fahari zilipanda, na ile ndogo ya bei nafuu ikashuka. Pazia lilipofungwa, ile ndogo ikapata heshima yake. Na waliosikiliza hawakuwa watu wa barabarani, walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya vyombo vya sauti.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2007. Brad Meyer na David Moran wa Boston walitaka kujua kama sahani mpya za muziki, zilizosifiwa kuwa zapita kwa mbali sahani za CD za kawaida, kweli zina tofauti inayosikika. Sauti ya sahani hizo iliachwa ipite kama ilivyo, au ikapitishwa katika chombo kinachoishusha hadi kiwango cha CD, na msikilizaji asijue ni ipi. Majaribio 554 yalifanywa. Majibu sahihi yalikuwa 276, yaani asilimia 49.8. Hata shilingi ukiirusha juu hukupa hayo. Wasikilizaji wale, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani, hawakuisikia tofauti waliyotozwa fedha.

Kuna watakaosema, "Ah, kila mtu na sikio lake. Mambo ya ladha hayana hakimu." Hoja hii yafaa kujibiwa kwa adabu, maana ina chembe ya kweli. Mmoja apenda besi itikise kifua, mwingine apenda udi usikike kila uzi. Lakini uchunguzi wa miaka mingi wa huyo Toole, alioanzia katika Baraza la Taifa la Utafiti huko Kanada, ulionyesha kwamba watu wakifungiwa pazia, hukubaliana zaidi kuliko wanavyodhani. Wengi huchagua spika isiyozidisha sauti moja wala kupunguza nyingine, inayotoa ya chini, ya kati na ya juu kwa usawa. Na usawa huo huonekana katika vipimo. Basi kipimo na sikio si mahasimu. Huwa mahasimu pale tu sikio linapoongozwa na macho, au kipimo kinapochaguliwa na mwenye duka.

Mwengine atauliza: mimi mkaazi wa Tudor nitapata wapi maabara? Maabara i sebuleni kwako. Simu nyingi za mkononi leo zaweza kuwekwa programu ya kupimia sauti. Simu hiyo haitakupa desibeli za kuapia mahakamani, lakini ukiiweka pahala pamoja, itakuonyesha barabara ni sauti ipi imezidi. Cheza katika vyombo vyote viwili ule mvumo wa redio isiyoshika stesheni, urekebishe mpaka simu isome sawa. Kisha tundika leso mbele ya vyombo hivyo, ama spika mbili ziwe karibu karibu. Mtu mmoja akae nyuma ya leso na shilingi mkononi: ikiangukia kichwa acheze cha kwanza, ikiangukia upande wa pili acheze cha pili. Wewe keti mbele, uandike.

Maswali ni mawili, nayo yasichanganywe. La kwanza: ipo tofauti? Hili ndilo la kuulizwa kuhusu amplifaya, waya na vikorokoro vinavyouzwa kwa bei ya mbuzi. Fanya mara 16, idadi ya mizani za mshororo wako. Anayebahatisha tu hupata 12 au zaidi kwa chini ya mara 4 katika kila 100. Basi ukipata 12, dai lina msingi. Ukipata 8 au 9, rudisha waya wa watu. Nami nakwambia mapema, waya wa kawaida wa shaba wa unene wa milimita za mraba 2.5, ukiwa wa mita 3 kama zilivyo sebule zetu, upinzani wake haufiki sehemu 1 kwa 100 ya upinzani wa spika ya ohmu 8. Sikio litapata wapi la kusikia hapo?

Swali la pili: ipi bora? Hili ni la spika, maana spika ndizo zitofautianazo hasa. Tumia sauti uijuayo, si ile kanda ya muuzaji iliyochaguliwa kusifu bidhaa yake. Tumia kisomo cha msomaji uliyemzoea, au udi wa marehemu Zein l'Abdin, au sauti ya marehemu Juma Bhalo. Sauti ya binadamu ndiyo mtihani mgumu kuliko wote, kwa sababu sikio limeizoea tangu utotoni na halidanganyiki upesi. Herufi za sin na swad zikisikika sawa, ujue spika hiyo yala sauti za juu. Na kabla hujanunua chochote, tandika zulia au mkeka na uisogeze spika itoke pembeni mwa chumba. Kuta za mawe na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi, na pembe ya chumba huvimbisha besi. Mara nyingi ugonjwa ni wa chumba, na tiba yake haigharimu kitu.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili katika ukurasa wa utamaduni? Kwa sababu urithi wetu mwingi wa sauti umehifadhiwa katika kaseti, zile zilizoenezwa na maduka kama Mbwana Radio Service la Mji wa Kale, kisha zikanakiliwa nyumba kwa nyumba. Kaseti yatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Mashine ikikimbia kwa asilimia 6 zaidi, wimbo mzima hupanda nusu ya sauti, na mwimbaji mwenye kifua kizito hugeuka kuwa kijana mwembamba. Leo watu wahamisha kaseti hizo kwenye kompyuta, wengine kwa mashine zilizochoka ambazo hazikupimwa kamwe. Kosa hilo likishaingia, wajukuu watamjua babu yao kwa sauti isiyokuwa yake. Katika elimu ya hadithi tulifunzwa kutazama sanadi, nani amepokea kwa nani. Nakala ya sauti nayo ina sanadi, na mashine iliyoinakili ni mpokezi mmojawapo. Mpokezi asiyepimwa hatolewi ushahidi.

Yako pia ya kufanywa na wakubwa. Hapa hapa Tudor kipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Asili yake ni ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1948 kwa misaada ya Aga Khan, Mabohora, Sultani wa Zanzibar na serikali ya kikoloni, ili vijana wa Kiislamu wapate ufundi. Itakuwa jambo la faida iliyoje iwapo mafundi wa umeme wa chuo hicho wataweka siku moja kwa mwaka, wakanunua makasha kumi madukani, wakayapima mbele ya watu, na kutangaza: hili lilidai kadha, na lina kadha. Wanafunzi watapata mazoezi, na wenyeji watapata ukweli.

Sheria nazo zipo. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa mnunuzi haki ya kupata habari zimwezeshazo kufaidi alichonunua, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 yakataza maelezo ya uongo juu ya bidhaa. Marekani waliweka kanuni tangu mwaka 1974 ya kuwalazimisha watengenezaji wa amplifaya waeleze wati zao kwa namna moja, na mwaka 2024 wakaitengeneza upya kwa kuwa ujanja ulikuwa umerudi. Shirika letu la viwango, KEBS, laweza kudai hilo hilo: tarakimu ya usoni isipingane na kibandiko cha mgongoni.

Nasi Waislamu hatuhitaji kungoja Marekani. Ipo katika Kurani sura nzima inayoitwa kwa jina la wapunjao vipimo, na kemeo lake twalijua tangu utoto. Mwenye kupunja kibaba cha mchele na mwenye kuandika wati 8,000 penye wati 40, mimi sioni tofauti yao ila mmoja atumia kibaba na mwingine atumia wino.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapokwenda dukani, soma mgongo kabla ya uso, sawazisha sauti kabla ya kulinganisha, na ufunge macho kabla ya kusifu. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na hayo. Akichukizwa, amekwisha kukujibu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.